Kikao cha Dharura Kuhusu Ua wa Marehemu Fundi Bomba

KAMATI YA WANANCHI YA KULINDA KINAMASI CHA UMMA

Siku: Jumamosi
Mahali: Chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga ya Mwenyekiti
Saa ya kuanza: Saa tisa alasiri, baada ya mteja wa mwisho kuchukua unga wake

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, mwenye mashine ya kusaga
Katibu, fundi cherehani, ambaye ndiye mwandishi
Mjane wa marehemu Fundi Bomba, mpishi wa shule, mjumbe
Fundi Baiskeli, mdogo wake marehemu, mjumbe
Bibi Mkaa, mjumbe (siku hizi anauza gesi, jina ndilo limebaki)

WASIOHUDHURIA
Muuguzi wa zahanati, kwa udhuru wa zamu
Dereva wa Lori, bila udhuru (alifika baadaye, tazama KUMB. NA. 6/14)

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kumwomba Katibu aongoze sala. Katibu alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa uzima, na kwa korongo ambao wamerudi tena mwaka huu kutaga katika kinamasi chetu. Alimwombea pia marehemu Fundi Bomba, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hii mpaka masika yaliyopita Mungu alipomchukua.

Kiti cha marehemu kiliachwa wazi kama tulivyozoea. Bibi Mkaa alisema kiti chenyewe mguu umelegea, na hata akipatikana makamu mwingine atakalia roho mkononi. Wajumbe walicheka kidogo. Mjane naye alicheka, na Katibu alifurahi kuliona hilo.

KUMB. NA. 2/14: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Fundi Baiskeli aliomba neno "alifoka" lililoandikwa juu yake lifutwe, kwa kuwa yeye hakufoka, alisema kwa mkazo. Mwenyekiti alisema kwamba yeye masikio yake yameharibiwa na mashine miaka mingi na bado alimsikia kutoka nje. Bibi Mkaa alishauri iandikwe "alifoka kwa adabu." Baada ya maneno mawili matatu ilikubaliwa iandikwe "alisema kwa mkazo," na kumbukumbu zikapita.

KUMB. NA. 3/14: MAJIBU YA HALMASHAURI

Mwenyekiti alieleza kwamba majibu ya halmashauri yalifika Jumatano, na si mazuri. Kinamasi chenyewe, yaani sehemu ya maji na mafunjo, kitabaki ardhi ya umma na hakitaguswa. Lakini majani ya juu, kuanzia kwenye ua wetu wa minyaa hadi barabara kuu, yamehesabiwa kuwa si sehemu ya kinamasi. Amepewa mfanyabiashara mmoja ajenge yadi ya kuegesha malori.

Mwenyekiti aliendelea kusoma mpaka alipofika kwenye maneno "wananchi wenyewe wameonyesha mpaka kwa kupanda ua na kuweka kibao." Hapo alivua miwani akaifuta kwa shati. Shati lilikuwa na unga, kwa hiyo miwani ilizidi kuchafuka, na Katibu akamalizia kusoma.

Kwa faida ya watakaosoma baadaye, Katibu aliomba iandikwe jinsi ua ulivyokuja. Korongo wanataga ndani ya mafunjo, kwenye maji. Makinda wakishaanguliwa hawakai kiotani kama wa njiwa. Wanatembea na wazazi wao mapema, wanapanda hadi kwenye majani mafupi ya juu kula panzi na wadudu, jioni wanarudi majini kulala. Miaka ile ng'ombe walikuwa wanashuka kunywa maji na kukanyaga mayai. Marehemu Fundi Bomba ndiye aliyetoa wazo la kupanda minyaa kuzuia ng'ombe. Alileta miche kwa baiskeli, safari baada ya safari, akisaidiwa na mdogo wake. Ua ulipandwa kufuata njia ya miguu ya kwenda shuleni, pale majimaji yanapoishia, na majani ya juu yaliachwa wazi makusudi ili wenye mifugo wapate malisho na wasituchukie. Wajumbe wote tulikubali, wala hakuna aliyepinga. Habari ya mpaka haikumjia mtu yeyote kichwani. Tulichokuwa tunakiwazia ni kwato.

Kuhusu kibao, Mwenyekiti alikiri kwamba alikiandika yeye. Kinasema: HAPA NDIPO KINAMASI CHA UMMA KINAPOANZIA. TUNZA. Alieleza kwamba nia yake ilikuwa kuandika "Hapa ndipo viota vinapoanzia, na majani haya pia ni ya umma," lakini ubao ulikuwa mfupi.

Fundi Baiskeli alisema kwa mkazo kwamba ubao mfupi umetugharimu nusu ya ardhi.

Mwenyekiti alijibu kwamba hajalala vizuri tangu Jumatano, na kama mjumbe anataka kumwongezea, aongeze.

Mjumbe aliomba tuendelee na ajenda.

KUMB. NA. 4/14: PENDEKEZO LA KUNG'OA UA

Ilielezwa kwamba maofisa wa halmashauri watafika Alhamisi kusikiliza pingamizi letu palepale uwanjani. Baada ya hapo hakuna rufaa nyingine ambayo kamati ina uwezo nayo.

Fundi Baiskeli alipendekeza ua wote ung'olewe kabla ya Alhamisi. Alisema, "Wakija wasikute ua, wasikute kibao. Wakute majani tangu majini mpaka barabarani, kama Mungu alivyoyaweka. Halafu waseme mpaka wameuona wapi."

Bibi Mkaa aliuliza kama huo si ujanja wa kuficha. Katibu pia alisema moyo wake haukuwa na amani na jambo hilo. Fundi Baiskeli alisema uongo ni ule ua kusimama pale na kutusemea maneno ambayo hatukuyasema. Mwenyekiti aliona hoja ina uzito, akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kupiga kura.

Mjane alinyoosha mkono. Tangu kikao kianze alikuwa hajasema kitu. Alisema, "Shemeji, kaburi mlinichukulia. Leo mnataka na ua."

Nje mtu aligonga dirisha akiuliza kama mashine imefunguliwa, na hakuna aliyemjibu mpaka akaondoka.

Katibu anaandika jambo hili ili lieleweke, si kwa kumsema mtu. Fundi Bomba alipofariki, mjane alitaka azikwe hapa, alipofanyia kazi na kulea watoto. Wazee wa ukoo wakaamua azikwe kwao, ambako ni safari ya kutwa nzima, na Fundi Baiskeli ndiye aliyesimamia. Mjane amefika kaburini mara moja tu tangu mazishi. Kazi ya jikoni haina likizo ya katikati ya muhula, wala nauli haiokotwi.

Mjane aliendelea kueleza kwamba kila asubuhi akienda shuleni anapita kwenye ua, na pale anamsalimu mumewe, na hamdai mtu chochote kwa hilo. Alisema, "Watu wana jiwe lenye jina. Mimi nina minyaa."

Fundi Baiskeli alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema, "Shemeji, miche ile tumeibeba wote. Utomvu wake uliniwasha mikono wiki nzima. Unadhani sina uchungu? Mimi nikipita pale naangalia upande wa pili wa njia." Halafu alisema kwamba yeye ni fundi baiskeli tu, wazee wa ukoo walipoamua hakuwa na sauti. Mjane alimjibu kwamba sauti anayo, hata Mwenyekiti anaisikia.

Hapa hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliomba wajumbe wanywe maji.

KUMB. NA. 5/14: MILANGO YA MAREHEMU

Baada ya maji, Mjane aliomba arudi kwenye hoja. Alisema yeye hapingi kuitetea ardhi, amekuwa kwenye kamati hii kabla ya wengine, ila ua ukisomwa vizuri hautusaliti, unatutetea. Aliuliza kama wajumbe wanaikumbuka milango.

Wajumbe hawakuelewa mara moja.

Mjane alieleza kwamba marehemu alipokuwa anapanda alikuwa na wasiwasi: ng'ombe hawatashuka, sawa, je makinda watapandaje? Akachukua vipande vya bomba pana la zamani vilivyotupwa na idara ya maji, akavipasua katikati, akavilaza chini ya ua kama vipaa vidogo ili minyaa isizibe. Kila penye kipaa pakawa na mlango wa kinda. Alikuwa analala kifudifudi kwenye tope kuangalia kama mwanga wa upande wa pili unaonekana, kwa sababu alisema kinda haingii pasipo na mwanga. "Akirudi nyumbani nguo ni tope tupu," alisema Mjane. "Nikimuuliza, ananiambia alikuwa anakagua milango. Mpaka leo milango ile naifagia mimi."

Kisha alisema maneno ambayo Mwenyekiti aliagiza yaandikwe kama yalivyo: "Mtu akijenga ukuta wa mwisho wa kiwanja chake, hauwekei milango. Mume wangu aliweka milango kwa sababu alijua nyumba inaendelea upande wa pili."

Bibi Mkaa alisema, "Alhamisi usimpe mtu mwingine aseme hayo. Useme wewe."

Fundi Baiskeli aliinamisha kichwa. Alisema kwamba vile vipande vya bomba alivikata yeye kwa msumeno wake, na alikuwa amesahau kabisa. "Kaka na mabomba yake," alisema. Aliondoa pendekezo lake mwenyewe bila kuombwa.

Iliazimiwa kwamba ua ubaki, majani yaliyozunguka milango yafyekwe, na Alhamisi maofisa waonyeshwe milango, ikiwezekana alfajiri wakati makinda wanapita. Mwenyekiti alisema kibao atakwenda kukitoa kwa mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano wajumbe walionekana kupumua. Katibu alianza kuandika "mengineyo."

KUMB. NA. 6/14: KUFIKA KWA DEREVA WA LORI

Mjumbe Dereva wa Lori aliingia akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mwenyekiti alimuuliza udhuru wake. Alijibu, "Udhuru wangu umeegeshwa hapo nje."

Alieleza kwamba tangu juzi ameajiriwa na yule mwenye yadi kumwaga kifusi. Alikuja kuwaambia wenzake mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu. Alisema, "Sikutaka, lakini nyumbani nina midomo ya kulisha. Na yeye amesema hasubiri Alhamisi, anataka maofisa wakute kazi imeanza." Alisema kinamasi hakukigusa hata kidogo. Kifusi amekimwaga leo tangu asubuhi, upande wa juu, kufuata ua. Alirudi nyuma kwa uangalifu mpaka tairi likagusa minyaa, kisha akainua bodi ya lori.

Mjane aliuliza, "Kwenye milango?"

Dereva aliuliza, "Milango gani, mama?"

Dereva alijiunga nasi baada ya ua kupandwa, na hakuna mjumbe aliyewahi kumweleza habari ya milango. Hata sisi wenyewe tulikuwa tumekumbushwa muda mfupi tu uliopita.

Aliendelea kusema kwamba kulikuwa na korongo wawili waliosimama pale wanapiga kelele. "Niliwapigia honi. Wakaruka kidogo, wakarudi. Nikawapigia tena. Nikasema, ndege hawa leo wana nini?" Hapo aliona nyuso za wajumbe. Kisha aliuliza, "Nimefanya nini?"

Bibi Mkaa alimjibu, "Umefanya kazi, mwanangu. Kaa chini." Dereva alikalia kile kiti cha marehemu bila kutazama, na hakuna aliyemzuia. Kiti hakikuanguka.

Mwenyekiti aliagiza kikao kihamie kwenye ua mara moja. Fundi Baiskeli alikuwa ameshatoka.

KUMB. NA. 7/14: KIKAO KIKIWA KWENYE UA

Wajumbe walikuta kifusi kimelundikwa upande wa juu wa ua, sehemu nyingine kimefika kifuani kwa mtu mzima. Korongo wawili walikuwa wamesimama kati ya alama za matairi, wameinua vichwa, wanaita. Wakinyamaza, sauti ndogo ilikuwa inawajibu kutoka upande wa mafunjo. Asubuhi wazazi walikuwa wamepanda kula, na makinda walikuwa bado hawajamaliza kupita pale lori lilipofika.

Fundi Baiskeli alichimba kwa mikono penye mlango wa kwanza. Kipaa cha bomba kilikuwa kimebonyea. Chini yake alikuta kinda mmoja, ameshakufa, kichwa kimeelekea upande wa majani. Fundi Baiskeli alivua shati lake akamfunika. Dereva alikwenda kusimama nyuma ya lori lake, ambalo alikuja nalo kutoka kikaoni.

Ilionekana kwamba kinda mwingine alikuwa mzima upande wa ndani. Alikuwa anatembea kando ya ua, anakwenda, anageuka, anarudi, akisimama kila mahali palipokuwa na mlango. Wazazi hawakutaka kuuacha upande wa juu alikofukiwa yule mwingine, na huyu mzima hakuwa na njia ya kuwafikia. Bibi Mkaa alisema giza likiingia hivyo, mbwa wa mjini watamaliza kazi. Kuchimba milango mingine kulijaribiwa, lakini kifusi kilikuwa kinamiminika upya kila kilipotolewa.

Mjane alisema, "Shemeji, lete jembe."

Fundi Baiskeli alisema haleti.

Mjane alisema, "Si wewe uliyetaka ung'olewe?"

Fundi Baiskeli alisema, "Nilitaka mchana. Sasa sitaki."

Mjane alikwenda kulichukua jembe mwenyewe kwenye baiskeli ya shemeji yake. Alichagua mwisho mmoja wa ua, ambako kifusi kilikuwa hakijafika. Ndiko marehemu alikoanzia kupanda. Alishika mnyaa wa kwanza kwa mkono, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Katibu alikuwa karibu na aliyasikia, lakini hayaandiki. Kisha alipiga jembe.

Mnyaa wa kwanza ulipolala, Fundi Baiskeli alikwenda kushika wa pili. Baadaye Mwenyekiti, halafu Bibi Mkaa, halafu Katibu baada ya kuweka daftari juu ya jiwe. Dereva alikuja mwisho, na Mjane alimsogezea nafasi. Minyaa ilitoa utomvu mweupe mwingi sana, ukatapakaa mikononi na usoni. Katibu hawezi kuandika nani alilia na nani hakulia, kwa kuwa utomvu wa minyaa unawasha macho ya kila mtu sawasawa.

Pengo lilipopatikana, wajumbe waliombwa wasogee mbali na wakae chini. Mwenyekiti, ambaye wote tunajua sauti yake kubwa ya mashineni, alinong'ona. Ilichukua muda. Kinda alikuja, akasimama kwenye shimo la mizizi, akarudi nyuma, akaja tena. Mzazi mmoja aliita mara moja tu. Kinda alipita.

Wazazi walimpeleka kwa kukizunguka kifusi, wakashika kile kipande cha majani kilichobaki karibu na barabara, wakainamisha vichwa wakaanza kula kama ndege wengine wowote. Jioni ilipoingia vizuri walirudi na kinda wao kwa pengo lile lile, wakaingia majini.

KUMB. NA. 8/14: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alieleza kwamba azimio la KUMB. NA. 5/14 limevunjika lenyewe. Alhamisi maofisa watakuta ua umekatika, milango imefukiwa, na kifusi kimelala juu ya majani. Alikiri hajui wataona nini katika hayo. Mjane alisema ataongea kama alivyoombwa, na atawaonyesha mahali milango ilipokuwa. Fundi Baiskeli alisema atachimbua vipaa vyote vya bomba, vilivyobonyea na visivyobonyea, avipange njiani wavione. Dereva alisema kesho yeye hatakuja na kifusi. Alipoulizwa kama basi kifusi hakitakuja, alisema kitakuja, ataleta mwingine. Alisema Alhamisi atasimama na kamati, kama kamati inamtaka. Bibi Mkaa alisema, "Wewe ni mjumbe. Tukutake mara ngapi?"

Mwenyekiti aling'oa kibao. Misumari ilikuwa imeshika kutu, na aliumia kidole. Alisema asifungwe kitambaa, ni kidogo.

Kabla ya sala ya kufunga, Fundi Baiskeli, akiwa amembeba kinda aliyekufa ndani ya shati lake, alimwendea mjane wa kaka yake. Alimuuliza, "Shemeji, tumzike wapi?"

Mjane alionyesha penye shimo la mnyaa wa kwanza, kando ya njia anayopita kila asubuhi akienda shuleni. Alisema, "Hapa. Karibu nami."

Alizikwa hapo. Fundi Baiskeli ndiye aliyechimba na Mjane ndiye aliyefukia. Katibu aliongoza sala, akamshukuru Mungu kwa aliyepita na kwa aliyebaki njiani, na wajumbe wakaitikia.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Sahihi zilitiwa palepale, daftari likiwa juu ya kibao, na kibao kikiwa juu ya magoti ya Mwenyekiti. Alama nyeupe zilizo kwenye ukurasa huu ni za utomvu.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu